Vichaka Vyenye Wenyewe

Mwaka 1949 jarida la Geographical Review la New York lilichapisha ramani ya uoto wa Tanganyika. Skeli yake ilikuwa 1:2,000,000, yaani kila sentimeta ya karatasi ilibeba kilometa 20 za nchi, na safari ya kutoka Dodoma hadi Kongwa haikufika hata urefu wa kidole. Aliyeichora, Clement Gillman, hakuiona. Alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Mkosi huo haukuwa wake peke yake. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, alifariki mwaka 1942. Taarifa ya safari yake ya kuchunguza udongo wa Tanganyika ilitoka 1947. Mtaalamu wa mimea Bernard Burtt alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na maelezo yake kuhusu misitu na vichaka vya nchi hii yakachapishwa 1942. Wote watatu walikuwa watembezi. Waliijua ardhi kwa nyayo, na karatasi zao zikawa zinangoja mchapishaji huku watu wenye haraka wakianza kuitazama ardhi ileile kutoka angani.

Kabla yao, ramani bora ya nchi ilikuwa ile ya Wajerumani ya skeli ya 1:300,000, kazi ya Paul Sprigade na Max Moisel wa Berlin. Sehemu kubwa yake ilitokana na madaftari ya njia. Ofisa au msafiri alitembea na dira na saa, akaandika kila kijito, kila kilima na kila kijiji alichokipita. Berlin wakaiunganisha mistari hiyo mmoja mmoja. Ukiitazama unaona njia zilizojaa majina kama shanga kwenye uzi, na kati ya njia na njia pameachwa peupe. Weupe ule ulikuwa na maana moja tu, kwamba mwenye dira hakupita pale. Lakini karatasi haina mdomo wa kujieleza, na ni rahisi kwa anayeisoma mbali kudhani kwamba peupe ni pasipo na mtu.

Gillman alizaliwa Madrid mwaka 1882, akaja Afrika Mashariki mwaka 1905 akiwa mhandisi kijana wa reli. Alikuwapo Reli ya Kati ilipokuwa ikisogea kutoka Dar es Salaam kuelekea Kigoma, ilikofika mwaka 1914. Bendera ilipobadilika kutoka ya Mjerumani kwenda ya Mwingereza yeye alibaki relini, akapanda hadi kuwa mhandisi mkuu. Injini za mvuke hunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na anayezitafutia maji katika Ugogo na Unyamwezi hana budi kujua mvua inanyesha wapi, inakimbilia wapi, na ni miti gani inayoota pale inapotuama. Baada ya kustaafu reli akawa mshauri wa serikali katika mambo ya maji. Kazi ileile, bila treni.

Mwaka 1936 alitoa ramani ya wakazi wa Tanganyika. Iliwaonyesha watu wakiwa wamejikusanya pembezoni mwa nchi na milimani, huku katikati na magharibi kukiwa na nchi kubwa ya miombo isiyo na makazi. Sababu zake hazikuwa uvivu wala uchache wa watu. Zilikuwa maji na mbung'o. Ramani ya uoto iliyofuata ilikuwa jibu la swali hilohilo kwa upande wa pili: si watu wako wapi, bali ardhi imevaa nini. Akaigawa nchi katika misitu, mapori ya miti, vichaka vizito, nyika, majani matupu na vinamasi. Kisha akaweka kundi jingine ambalo si la mmea wowote, yaani uoto uliotokana na mkono wa binadamu. Kwa kundi hilo moja alikuwa amekiri kwamba huwezi kuchora sura ya ardhi ukamwacha nje mtu aliyeilima, aliyeichoma au aliyeichunga.

Milne alikuwa akichimba palepale Gillman alipokuwa akitazama. Mwaka 1935 alieleza jambo ambalo wanafunzi wa udongo duniani kote bado wanalisoma: aina za udongo kwenye mteremko hufuatana kama pete za mnyororo, kutoka kilimani hadi bondeni, na mnyororo huo hujirudia kilima hadi kilima. Aliuita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Badala ya kuchora kila aina ya udongo kwenye skeli ndogo, kazi isiyowezekana, mchora ramani angeweza kuuchora mnyororo mzima kama kitu kimoja.

Mkulima wa Usukuma hakuhitaji Kilatini. Udongo wa kichanga wa sehemu za juu aliuita luseni. Ule mgumu wa chini yake, unaotuamisha maji, aliuita itogolo. Ule mweusi wa bondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi, aliuita mbuga. Kila jina lilikuwa limebeba na kazi yake: karanga na viazi huko juu, malisho na majaluba ya mpunga huku chini. Wataalamu waliofika Usukuma waliyachukua majina hayo wakayaandika katika taarifa zao kama yalivyo. Mtu wa mjini akisikia mbuga anafikiria simba na pundamilia. Mtaalamu wa udongo anafikiria udongo mweusi mzito, na hilo alifundishwa na mwenye shamba.

Si kila aliyefika Usukuma alikuja kuuliza majina. Tangu miaka ya 1920 Shinyanga ilikuwa makao ya vita dhidi ya mbung'o, na kiongozi wake alikuwa Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mdudu huyo, ambaye naye alikufa katika ajali ileile iliyomuua Burtt. Mbung'o hupenda kivuli. Ondoa kichaka, naye ataondoka. Akiondoka, ng'ombe ataishi. Maelfu ya watu waliitwa kukata na kuchoma. Baadaye pamba ikataka mashamba zaidi, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wakayaacha nyuma malisho waliyokuwa wakiyatunza. Katika ramani yoyote ya miaka ile, kila hatua ya njia hiyo ingesomeka kama maendeleo: pori limegeuka shamba.

Wenye haraka, kwa upande wao, walianzia Kongwa. Mwaka 1946, mwaka uleule aliofariki Gillman, Uingereza iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia ilituma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja. Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 25.

Kutoka juu Kongwa ilivutia. Ardhi tambarare, watu wachache, vichaka vinavyoweza kuangushwa kwa trekta. Chini hali ilikuwa nyingine. Vichaka vilikuwa vimesukana mizizi kiasi cha kuyashinda matrekta, na mibuyu ilisimama katikati yake kama minara. Udongo wenye mfinyanzi na mchanga uliyala majembe ya chuma wakati wa kulima, na jua lilipowaka ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikiwa zimefungiwa ndani. Mvua haikufuata hesabu za London. Na Ugogo, kama inavyofahamika na Wagogo wenyewe, ni nchi ambayo njaa zake hupewa majina kama watoto; ile iliyokuja mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia bado inaitwa Mtunya. Mahali penye kumbukumbu ya namna hiyo, uchache wa watu ni taarifa ya hali ya hewa.

Msimu wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mradi, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Hesabu hizo zilipofikia mwisho, ramani ya Gillman ilikuwa imeshatoka kiwandani kwa miaka miwili.

Lakini ndege zenyewe hazikuwa na kosa. Mwaka huohuo wa 1946 ilianzishwa London idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine, na ndege za kikosi cha 82 cha jeshi la anga la Uingereza, aina ya Lancaster zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mabomu, zikatumwa kupiga picha. Hadi mwaka 1952 zilikuwa zimepiga zaidi ya maili za mraba milioni moja za Afrika. Rubani alinyoosha mstari, akageuka, akarudi sambamba nao kama mkulima anayelima kwa maksai, na kila picha ikaipanda jirani yake kwa zaidi ya nusu. Ukiziweka picha mbili zinazopandana chini ya kioo maalumu cha macho mawili, vilima vinainuka mezani. Ramani za 1:50,000 zilizotokana na kazi hiyo ndizo zilizotumiwa na wapimaji wetu kwa miongo mingi baada ya uhuru.

Picha za anga zilikuwa na kizuizi kimoja: bei. Nchi ikishapigwa picha mara moja, ilipita miaka kumi au ishirini kabla ya ndege kurudi. Mmomonyoko haungoji. Mwaka 1973 Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na huko Kondoa makorongo yalikuwa yamekula vilima kiasi kwamba mwaka 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo la kilometa za mraba 1,256.

Kwa wakati huo jicho jingine lilikuwa tayari juu. Tarehe 23 Julai 1972 Marekani ilirusha setilaiti iliyokuja kuitwa Landsat 1. Ilipita juu ya mahali palepale kila siku 18, na picha yake moja ilifunika kilometa 185 kwa 185. Haikupiga picha kama kamera ya arusi. Ilipima mwanga unaorudishwa na ardhi katika sehemu nne za rangi, mbili zikiwa za mwanga usioonekana kwa macho. Jani hai hurudisha mwanga huo usioonekana kwa wingi. Jani kavu na udongo mtupu havifanyi hivyo. Kwa kulinganisha namba hizo, mtu aliyeketi mezani aliweza kutenganisha msitu na shamba bila kupanda gari. Afrika haikutaka kubaki mteja tu, na mwaka 1975 kikaanzishwa Nairobi kituo cha kikanda cha upimaji na ramani, ambacho leo kiko Kasarani na hujulikana kwa kifupi cha RCMRD. Maelfu ya maofisa wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika wamejifunzia hapo kuzisoma picha hizo.

Walichojifunza mapema ni kwamba jicho la juu nalo hudanganyika. Kila nukta ya picha zile za kwanza, pikseli kama inavyoitwa, ilikuwa na upana wa karibu meta 80, yaani eneo la zaidi ya ekari moja na nusu. Shamba la nusu ekari lenye mahindi, kunde na mpapai mmoja liliyeyuka ndani yake pamoja na nyumba ya mwenyewe. Masika yalikuja na mawingu, kwa hiyo picha safi zilikuwa za kiangazi. Na kiangazi miombo hupukutisha majani na moto hupita chini yake. Msitu uliokuwa ukipumzika ulionekana kama ardhi iliyoachwa uchi.

Udanganyifu huu unaonekana vizuri Shinyanga. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa mkavu na mweupe kiasi cha Rais Julius Nyerere kuufananisha na jangwa, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu walianza na walichokijua, vitalu vya miche na miti ya kigeni. Wakulima walikuwa na chao. Wasukuma tangu zamani walikuwa na desturi ya ngitili: mvua zinapoanza, familia au kijiji hufunga kipande cha ardhi kisiingiliwe na mifugo, majani yakue na visiki vya miti vichipue, kiangazi kikiwa kikali hufunguliwa kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe wagonjwa. Aliyevunja mwiko huo alijibu mbele ya dagashida, baraza la jamii.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana kubaki zilikuwa takriban hekta 600. Mradi ulipoacha kuwafundisha watu kupanda miti na kuanza kuwasaidia kufunga ardhi yao wenyewe, visiki vilivyokuwa hai chini ya udongo vilichipua. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Pamoja na malisho zilikuja kuni, nguzo, uyoga, asali na dawa.

Sasa iangalie ngitili kutoka juu. Ya familia moja mara nyingi ni hekta chache tu. Mwezi wa tatu ni majani mabichi yenye vichaka. Mwezi wa tisa, baada ya ng'ombe kupita, ni vumbi lenye vichaka. Kwa setilaiti ni pori, na pori katika meza za wapanga mipango ni neno jirani na ardhi ya bure. Kwa mwenyewe ni ghala. Kinachoifunika ardhi na kinachofanywa juu yake ni mambo mawili, na kamera inaona moja.

Tofauti hiyo ndiyo iliyowakalisha wataalamu wa mradi wa Africover. Ulianza mwaka 1995 chini ya FAO, kwa fedha za Italia, ofisi zikiwa Nairobi, na ulihusu nchi kumi kuanzia Misri hadi Tanzania, zikiwamo Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda. Kila nchi ilikuwa na orodha yake ya majina. Msitu wa huku ulikuwa kichaka cha kule, na ramani mbili zilipokutana mpakani hazikusalimiana. Antonio Di Gregorio na Louisa Jansen wakatunga mfumo, uliochapishwa mwaka 2000, ambao haukuanza na majina kabisa. Mchoraji aliulizwa maswali: je, kuna mimea? Imeota yenyewe au imepandwa? Inasimama kwenye nchi kavu au majini? Mirefu kiasi gani, imesongamana kiasi gani, inapukutisha majani? Jina lilikuja mwisho. Masuala ya matumizi yaliwekwa kando makusudi, ili ramani iseme tu kile inachoweza kukithibitisha.

Ulikuwa uamuzi wa kiungwana, lakini uliacha nusu ya kazi bila mwenyewe. Tanzania ilijaribu kuishika nusu hiyo kati ya mwaka 2009 na 2014, katika tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, NAFORMA. Timu zilikwenda kwa miguu kwenye vitalu vya sampuli zaidi ya 30,000 nchini, zikapima unene wa miti, zikachukua udongo, kisha zikabisha hodi kwenye nyumba za karibu na kuuliza watu wanautumiaje msitu. Matokeo yalitoa hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, zaidi ya nusu ya nchi. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 ilikuwa imeandika milioni 33.5. Hakuna aliyepanda hekta milioni 14 kwa siri. Kilichobadilika ni namna ya kupima na maana ya neno msitu. Upotevu wa misitu nao ulikadiriwa kuwa hekta 372,000 kwa mwaka, na hesabu nyingine iliyofuata ikaupandisha hadi karibu 470,000.

Siku hizi namba hizo hazingoji miaka mitano. Marekani iliruhusu picha za Landsat zichukuliwe bure mwaka 2008. Setilaiti ya kwanza ya Ulaya ya Sentinel-2, iliyorushwa mwaka 2015, inaona vipande vya meta 10, kwa hiyo shamba la nusu ekari limepata sura yake. Ramani ya dunia ya WorldCover, iliyotolewa na shirika la anga la Ulaya kwa hali ya mwaka 2020, inagawa nchi kavu na maji yote katika makundi 11. Kilele cha Kilimanjaro kina kundi lake la theluji na barafu. Mikoko ya Rufiji ina lake. Ngitili zimetawanywa kati ya miti, vichaka na majani, kila moja kwa kadiri mashine ilivyoiona.

Ramani inayoziita kwa jina lake ni nyingine, na huanzia chini ya mwembe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, kijiji kinaweza kuandaa mpango wake. Wajumbe wa kamati huchora kwanza ardhini kwa kijiti: mstari wa mto, jiwe la shule, majani ya msitu. Wazee hubishana njia ya ng'ombe ilipita wapi. Ofisa wa wilaya huhamishia mchoro kwenye karatasi, siku hizi mara nyingi juu ya picha ya setilaiti, wajumbe wa vijiji jirani huitwa kukubaliana mipaka, kisha mkutano mkuu wa kijiji hupitisha. Katika vijiji vya Shinyanga, ofisa anapofika kwenye kivuli cha kijani kilichoandikwa vichaka na kuuliza hapa pana nini, anajibiwa kwa jina la familia, idadi ya ndama, na mwezi ambao uzio wake wa desturi utafunguliwa.